Siku Niliyomfunika Mzee Masalu

Aibu yangu ya Mwanza nimeibeba mikoa minne sasa na haijapungua uzito, kwa hiyo acheni niitue hapa.

Nilitoka Tunduru na begi moja na kisanduku cha bisibisi, nikalala Songea, nikalala Dodoma, siku ya tatu nikashuka Mwanza miguu imevimba, nikajiambia nitakaa wiki mbili tu (ndivyo ninavyojiambia kila mji). Nikakaa miaka sita. Sababu ni chumba nilichopanga Kiseke kwa Mzee Masalu na mkewe, Mama Kulwa. Mchana nilitengeneza kompyuta kwenye kibanda changu Mkuyuni, jioni naketi na mzee juu ya jiwe nyuma ya nyumba, ananicheka kwa kuhamahama kwangu. "Wewe hata ukifa utaomba kuhamishwa kaburi."

Akatangulia yeye. Mwanawe Doto alikuwa kazini ng'ambo, hata mazishi hakuyawahi, lakini mzee alimwachia maneno, dakika nane, nilizorekodi mimi kwa simu yake. "Asitumiwe huko," alisema. "Aje asikilize nyumbani." Nikayahamishia kwenye flashi, simu nikaifuta ili Mama Kulwa aitumie.

"Umeweka na kopi?" akaniuliza.

"Mama, hiyo si ndiyo kazi yangu?" (Sikuweka.)

Mwaka ukapita, Doto akaja, siku ya kusimika msalaba watu wakajaa chini ya turubai. Spika nimeziunga kwenye kompyuta yangu ya mpakato, flashi nimeichomeka, nangoja kubonyeza tu. Mchungaji akasema, "Tufumbe macho tuombe." Nami kwa heshima (watu wanasali, mimi kioo kinawaka mbele yangu kama niko baa?) nikaifunika kompyuta.

Sasa, kompyuta ile ilikuwa na ugonjwa wake na niliujua vizuri: ukiifunika inalala, na ikiamka matundu yake ya USB hayaamki nayo, utachomeka kitu kama unachomeka ukutani. Kuirekebisha isilale ikifunikwa ilikuwa kazi ya dakika moja, na kila wiki nilisema kesho.

Amina. Nikafunua. Kipanya kimekufa, flashi haionekani. Nikachomoa, nikachomeka tundu la pili, la tatu, nikarudi la kwanza.

"Fundi, si uzime tu uwashe?" Doto akaniuliza taratibu.

Na jibu lilikuwa hilohilo. Lakini nilishawatangazia Kiseke nzima kwamba kuzima na kuwasha ni ufundi wa wasiojua, nikamwambia, "Hii si redio, bwana Doto."

Mama mmoja nyuma akasema, "Iacheni jamani, nayo imefiwa."

Watu wakacheka. Nikaingia kwenye orodha ya vifaa, nikakizima kile kidhibiti kinachoendesha matundu yote, nikakiwasha upya, na kweli, taa ya flashi ikawaka, nikabonyeza, kikohozi cha mzee kikajaa uani.

"Doto," akasema. "Umefika?"

Doto akasimama. Sauti ikakatika.

Hapo ningetulia. Badala yake niliing'oa flashi huku taa yake ikichezacheza, nikaihamisha tundu, nikaing'oa tena, mpaka kompyuta ikaandika kwamba flashi haisomeki, je, niifute nianze upya? Ndipo nikazima na kuwasha. Ikaandika vilevile.

"Na ile kopi?" Mama Kulwa akauliza.

Nikatazama nyaya. Akaelewa, akasogea karibu. "Mwanangu, kwa nini uliifunika?"

"Ilikuwa sala, mama."

"Mchungaji alisema tufumbe macho," akasema. "Hakusema umfunike mzee."

Wiki mbili nilizunguka kwa mafundi wote wa Nyamagana, nikikaribia kuwapa shikamoo vijana wa kuwazaa. Hakuna aliyepata hata neno moja. Doto akarudi kazini na lile "Umefika?" lake. Chakula changu kiliendelea kuwekwa mezani kama zamani, na hicho ndicho kilichonishinda. Siku hizi mtu akiniambia zima uwashe, nazima, na kopi naweka tatu, lakini ni kopi za vitu vya watu wengine.

Asubuhi niliyofunga begi nilimwambia Mama Kulwa nakwenda Sengerema, wiki mbili tu. Akaingia ndani, akatoka na ile flashi kaifunga kwenye kitambaa, akanitia mkononi.

"Nenda naye," akasema. "Labda huko utakapofika kuna anayejua kumwamsha."

Nikapanda kivuko nimeishika hivyo hivyo, ng'ambo hadi ng'ambo, na sikuthubutu hata kufumba macho.