Meza Aliyoirithi Lenah Kavetsa

Lenah Kavetsa alikabidhiwa meza ya Mzungu Jumatatu, tarehe 3 Mei 1971, saa nne asubuhi. Siku hiyo ofisi yetu ya kumbukumbu za wagonjwa ilisimamisha kazi kwa dakika kumi, jambo ambalo halikutokea hata mwaka ule maji ya mvua yalipoingia stoo.

Meza ilikuwa ya mvule, na watu wanne walihitajika kuibeba. Mwenyewe alikuwa Mwingereza mrefu, katibu wa hospitali. Aliporudi kwao ilikaa mwaka mzima ikiwa imefunikwa shuka. Bwana Nderitu, karani mkuu, aliamua apewe Lenah, Mwafrika wa kwanza kupiga taipu katika chumba kile. Alisema maneno machache kuhusu uhuru, tukapiga makofi. Lenah aliipangusa kwa leso yake mwenyewe, akaweka taipureta juu, akaketi. Ilimfika karibu kifuani. Hakuna aliyeliona hilo, au tuliliona tukadhani ndivyo meza za wakubwa zilivyo.

Maumivu yalianza mwaka uliofuata, kwanza shingoni, kisha bega la kulia, kisha vidole viwili vikawa vinakufa ganzi ifikapo saa nane. Hakuwa peke yake. Bwana Nderitu mwenyewe aliinuka kitini kwa kushika kiuno, na Ouma wa mafaili alitembea ameinama kwa sababu ya kuinua mabunda ya faili kutoka sakafuni. Lakini tuliugua kimyakimya. Karani habebi mawe, tulijiambia, basi atalalamikia nini?

Lenah alipanga chumba mtaa wa Kongo, huko Kawangware, kwa mama mmoja mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha aitwaye Wamuyu. Mama Wamuyu alilaumu baridi, akamkanda bega kwa mafuta ya moto kila Jumapili baada ya kanisa. Daktari wetu alimpa vidonge, akamwambia apumzike. Vidonge alimeza. Kupumzika hakukuwezekana, kwa sababu Aprili 1974 barua ilikuja: wapiga taipu wote watapimwa Ijumaa, tarehe 14 Juni. Maneno hamsini kwa dakika. Atakayeshindwa atarudishwa kubeba mafaili.

Alipoajiriwa alikuwa na maneno hamsini na tano. Jioni ile alijipima kwa saa ya ukutani, akapata thelathini na nane.

Mwishoni mwa Mei alikwenda Makina, Kibera, kuagiza stuli ya nyumbani kwa Wepukhulu, seremala aliyesali naye kanisa moja. Alimkuta akikata miguu ya benchi zuri kabisa la kazi, alilonunua kwa fundi mzee aliyekuwa akistaafu. Lenah akamuuliza mbona anaharibu. Wepukhulu alicheka, akamweleza kwamba hakuna fundi anayefanyia kazi benchi la mwenzake kabla ya kulikata au kuliongeza, kwani benchi hupimiwa mwili wa mtu kama suruali. Akamkalisha, akamkunjisha kiwiko, akapima kwa uzi kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, akafunga fundo, akampa uzi ule.

“Dada, meza yako ya kazini isipite hapa,” akasema. “Ikipita, bega ndilo litakalobeba mikono siku nzima.”

Kesho yake Lenah aliusimamisha uzi kando ya meza ya mvule. Fundo liliishia vidole vinane chini ya ubao, na taipureta ilikuwa bado haijahesabiwa.

Alimwendea Bwana Nderitu akaomba miguu ya meza ikatwe. Karani mkuu alimwonyesha namba iliyopakwa rangi ubavuni: mali ya serikali haikatwi. Kisha akashusha sauti, maana jambo lenyewe lilimuuma.

“Lenah, unataka watu waseme meza ya Mzungu imetushinda?”

“Haijatushinda, Bwana Nderitu. Ilipimiwa mtu mwingine.”

Karani mkuu alifungua faili, akalifunga. Ndipo Lenah akaomba kingine: meza fupi ya pembeni, ile iliyowekewa birika la chai. Hiyo haikuwa na namba wala historia. Nderitu alimwambia afanye apendavyo, ila akishindwa mtihani asilaumu ofisi.

Lenah aliihamisha mwenyewe asubuhi hiyohiyo. Ouma hakumwachilia.

“Mheshimiwa amejishusha cheo,” alisema. “Sasa tukuletee na vikombe uoshe?”

“Leta,” Lenah akamjibu akiweka karatasi kwenye taipureta. “Ila chako kitangoja, nina barua.”

Ningependa kuandika kwamba maumivu yaliisha siku ile. Hayakuisha. Wiki ya kwanza shingo ilimuuma kuliko kawaida, kana kwamba ilikuwa imezoea mateso. Lakini mabega yalishuka, na aliketi juu ya gazeti lililokunjwa mpaka uzi ulipokubali. Kila nusu saa alisimama kupeleka barua mwenyewe badala ya kuita tarishi. Tarehe 5 Juni alipata maneno arobaini na tatu. Tarehe 10, arobaini na tisa, na vidole havikufa ganzi mpaka saa kumi.

Mtihani ulifanyika ofisi nyingine mjini. Lenah aliutoa uzi mkobani mbele ya msimamizi, akapima meza aliyopangiwa, akaomba abadilishiwe apewe ile fupi ya dirishani. Msimamizi alishangaa, akambadilishia. Alipiga maneno hamsini na mawili, makosa matatu.

Jumatatu Bwana Nderitu alisoma matokeo kwa sauti ileile aliyoitumia siku ya kukabidhi meza. Lenah alishukuru, akaendelea na barua ya wadi ya watoto.

Meza ya mvule haikurudishiwa shuka. Birika lilikuwa limekosa makao, likawekwa juu yake, na kwa kuwa meza ilikuwa ndefu kwenda juu, tukaanza kunywa chai wima tukiegemeza viwiko, saa nne na saa kumi. Ouma alisema birika ndilo lililopanda cheo. Bwana Nderitu hakuchangia mzaha huo, lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika hapo, na siku moja nilimwona akinywa chai yake ya pili bila kushika kiuno. Alipomaliza alimwendea Lenah, akamwomba ule uzi.