Shemeji wa Kitanda cha Dirishani

Mkunga yule alizoea damu, lakini damu ya heri, ile inayofuatwa na kilio cha kichanga. Vita vilipofika mjini, wodi yake ya wazazi ikageuzwa ya majeruhi, naye akapewa makasi ya kukatia magwanda.

Asubuhi moja waliletwa askari wawili. Wa kwanza alipigwa risasi ya kifua, anatweta kama aliyekimbizwa. Daktari akamtoboa ubavuni, akapenyeza mpira, hewa na damu vikabubujika chupani. Haukupita muda akaanza kulalamikia godoro.

Wa pili alipigwa tumboni. Mkunga alipomfuta vumbi usoni, makasi yakamponyoka. Alikuwa mume wa mdogo wake.

"Shemeji," akasema kwa tabu, "leo umeniona uchi bure."

Utani ulikuwa ndio salamu yao siku zote.

Daktari akamwingiza chumba cha upasuaji, akamfungua tumbo, akafunga mishipa iliyopasuka, akashindilia vitambaa kuzunguka ini, kisha akalifunika tumbo bila kulishona. "Mwili umepoa mno, hawezi kustahimili zaidi," akasema. "Apate joto na damu, ndipo tumrudishe."

Wakamlaza kitanda cha dirishani. Joto lilipatikana, blanketi zilikuwepo. Damu ndiyo iliyokosekana. Mkunga akajitolea yake, ikapimwa, haikulingana. Na barabara ya kuletea damu nyingine ilikuwa imefungwa kwa mapigano.

Mgonjwa akazinduka. "Shemeji, maji."

"Hapana. Utumbo umetoboka."

"Hata tone? Nitakushtaki kwa mdogo wako!"

"Nishtaki tu." Akamlowesha midomo kwa pamba, huku shuka chini yake ikizidi kulowa damu.

Akamkimbilia daktari. "Turudi naye ndani!"

"Nikimfungua bila damu, atanifia mezani."

"Na tukimwacha?"



Shemeji alikata roho jua likiwa utosini, mkono wake ndani ya mkono wa mkunga. Yule wa kifua akageukia ukutani.

Mkunga akavua aproni, akaenda getini, alikokuwa anasubiri mdogo wake tangu alipotumiwa habari. Njiani alijipangia maneno.

"Dada, ameamka?"

Mkunga akamshika mikono yote miwili. Mdogo mtu akaporomoka chini palepale, mkubwa akaketi naye vumbini. Mlinzi aliwaletea kiti, asijue amkalishe nani, akabaki amekishika.