Basi la Vitenge Vyekundu

Kobero hakuna kitu kingeweza kunishangaza tena. Mpaka ule wa Burundi na Tanzania niliuvuka mara ya kwanza mgongoni mwa mama, tukikimbia vita. Amani iliporudi nikaurudia na mke na magodoro mawili. Baadaye nikauvuka na marobota ya vitenge mpaka duka langu la Nyamugari, hapa Gitega, likawa duka ambalo wenye diploma wanakuja kukopa. Shule niliiachia kambini, darasa la nne, na hasara yake sijaiona.

Mama alipofariki nilitangaza kuganduka, ile siku ukoo unakunywa pamoja na kuufunga msiba. Wa kuonja pombe kwanza alipaswa kuwa dada yake, mama mkubwa, aliyebaki Tanzania na ndugu waliokataa kurudi. Nikawakodia basi dogo, nikawapelekea vitenge vyekundu vya aina moja. Nilitaka wakishuka Gitega watu waulize hawa ni wa nani.

Wiki ileile vijana waliandamana mjini kwa mambo ya siasa, polisi wakawatawanya. Mimi siasa siuzi. Siku moja kabla ya sherehe nikapita Muyinga mpaka Kobero kuwapokea, nikakuta basi limezuiwa.

"Karatasi zao iko bon, iko sawa," afisa aliniambia. "Mtu kutembea, hakuna mwenye anamukataza. Lakini basi nzima rangi moja, wanaenda wapi?"

"Kwangu."

"We ni nani kwao?"

Nikamjibu kama ninavyojibu wateja. "Mimi ndiye nimewavalisha na kuwalipia basi. Nikisema simama, wanasimama. Na Gitega wako wengine mia mbili wananingoja."

Wa Gitega walikuwa sitini, lakini mbele ya afisa sitini ni watu wachache.

Akaweka kalamu chini. "Mia mbili. Na rangi hii hii?"

"Hii hii."

Mwenzake akacheka. "Mzee, we ulikuja kujishitaki?"

Nikawaeleza msiba. Mmoja akasema pole. Lakini amri ilikuwa kundi lenye sare lisipite mpaka mji utulie. Nikasema basi wavivue. Wakasema wakivivua watakuwa watu walewale mia mbili, ila hawaonekani.

Sijui wangefanyaje. Mimi mwenyewe dukani, kundi likiingia kwa pamoja, nafunga mlango nusu.

Mama mkubwa alikuwa dirishani, kitenge kimemzidi mabega.

"Mi nilikwambia nitavaa gauni langu la kanisani," alisema.

"Ngoja niongee nao, mama mkubwa."

"Umeshaongea."

Dereva akawasha gari kurudi Tanzania. Mama mkubwa akanishika vidole, akaviachia. "Nendeni mkaganduke. Mimi nabaki na msiba wangu huku."

Kesho yake nilionja pombe mimi, mahali pake. Watu walikula vizuri, lakini ngoma haikufika hata jioni, na wajomba waliondoka bila kuniaga kwa mkono. Njia ilipofunguka mama mkubwa hakuweza tena kukaa kwenye gari. Nilimfuata Tanzania, nikamkuta kitandani, kichwa amekinyoa, bado kwenye msiba wa mama.

Basi, vitenge, pombe na chakula: faranga milioni nne, laki moja na elfu ishirini na tano.