Safari ya Wifi ya Kuvuka Uwanda

Wifi yangu ni fundi cherehani, na mteja akija na kitambaa kidogo hamrudishi. Hupunguza hapa, huunga pale, gauni likatoka. Sifa hiyo ndiyo iliyomponza nyumbani.

Tunakaa watano katika vyumba viwili, ghorofa ya nne: kaka yangu, yeye mkewe, mama yetu, mimi, na mtoto wao wa miaka miwili tunayemwita Kibonge, kwa sababu zisizohitaji maelezo. Kibonge hajui kutembea, anajua kukimbia tu, na akianza, jirani wa chini hugonga dari kwa mpini wa ufagio. Wifi hushinda humo, mguu mmoja kwenye pedeli ya cherehani, mwingine umemzuia mtoto asifikie mkasi.

Alichotaka ni kitu kimoja: kuuvuka uwanda wa juu kwa miguu, kule miti inapokoma yakabaki manyasi, matope meusi na ukungu. Utotoni aliuvuka na babake kwa siku tatu, wakilala kwenye vibanda vya wasafiri. Sasa alitaka mwanawe akimbie mahali pasipo na kuta. Akashona mkoba wa turubai wa kumbebea mgongoni, mikanda ameitoa kwenye mabegi mabovu. Njia aliichora kwa chaki kwenye meza yake ya kukatia.

Kaka hakukataa. Kaka yangu hakatai kitu, anakubali mpaka uchoke mwenyewe.

"Tutaenda, mama Kibonge, ila twende familia nzima. Nitamwachaje mama?"

Hapo ndipo kukata kulipoanza. Mama akasema magoti yake hayawezi kulala kibandani. Wifi akafuta siku mbili. Mama akasema huo mkoba utamvunja mtoto kiuno, nao ukaingia uvunguni. Kaka akasema ana nafasi Jumapili tu, tena asubuhi. Wifi akapunguza, ikabaki njia ya kwenda kwenye maporomoko ya maji, pale uwanda unapoanzia, na kurudi. Kaka akakumbuka kuna barabara ya gari inayopita huko huko, sasa kujitesa kwa nini? Kila mara nilimkuta ameinama mezani akifuta chaki kwa kiganja.

"Wifi, sema hapana hata mara moja," nikamwambia jikoni. "Mdomo umeuazima?"

"Nikisema hapana tutabaki hapa. Kidogo si haba."

"Na hicho kidogo chenyewe kinakwisha!"

Akacheka, akanipa kitunguu nimenye.

Jumapili tukaenda kwa gari ambalo kaka aliliazima kazini. Akaegesha kando ya barabara. Nje upepo ulikuwa unalaza manyasi hadi upeo wa macho.

"Pandisheni vioo, mtoto ana kifua," Mama akasema.

Kaka akazima injini, akanyoosha mkono kama mwenye shamba. "Si huu hapa? Tumefika."

Tukala mayai ya kuchemsha humo humo ndani. Vioo vikajaa ukungu wa pumzi zetu, hata huo uwanda wenyewe hatukuuona tena. Niliona hasira mpaka yai likanikwama.

Kibonge ndiye aliyetuokoa, akataka kukojoa. Wifi akamnyakua akatoka naye. Nikafuta kioo nikawatazama. Mtoto alimaliza haja pale pale karibu na gurudumu, lakini mamake hakurudi. Alimpandisha mgongoni akaanza kutembea, mwanzoni kama mtu anayetafuta kitu chini, halafu kwa hatua ndefu, matope yanamfika kwenye vifundo. Nikamsikia Kibonge anacheka. Nikasema kimoyomoyo, nenda, wifi, nenda.

"Huyu anakwenda wapi?" Mama akauliza.

Kaka akapiga honi. Mara moja tu, tena fupi.

Wifi akageuka. Alirudi na mtoto anayelia na kujinyonganyonga mgongoni. Hakuna aliyemgombeza. Mama alimpa hata kitambaa cha kufutia miguu, na kaka akasema, "Umefurahi sasa?"

Kesho yake, tukianika nguo kwenye roshani, sikuvumilia. "Kaka hana haya. Anakupigia honi kama mbuzi aliyeziba njia!"

Wifi akabana shuka kwenye kamba. "Kaka yako hakushuka garini, wifi. Hakuniita hata jina. Nimerudi mwenyewe, tena mbio, naogopa asije akapiga ya pili."