Spika ya Nyuma ya Friza

Mashine ilimpiga Fundi kifuani akiwa anakunywa uji, na mkewe akabaki na bakuli mkononi asijue amrushie nani. Mwili mzima uliruka kitandani, meno yakagongana, uji ukamwagika shingoni. Kisha Fundi akalia. Mwanamume ambaye maisha yake yote akinaswa na umeme kazini alicheka na kutikisa vidole, leo alilia kama mtoto aliyechapwa bila kosa.

Mkewe mtaani walimwita Jemadari, wala si kwa utani. Bucha lilikuwa lake, chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo kilichotazama barabara, na humo alikuwa akipasua mifupa ya ng'ombe kwa shoka tangu ujana wake. Mteja aliyewahi kusema mizani yake inaiba alirudi kwao na maini usoni. Watu walimuuliza Fundi, mpole yule, anaishije na moto wa namna hiyo. Aliwajibu kuwa anayelala jikoni hapigwi na baridi.

Miaka iliyopita moyo wa Fundi ulipoanza kwenda mrama, madaktari walimpandikiza mashine ndogo chini ya ngozi, upande wa kushoto, karibu na mtulinga. Moyo ukikimbia ovyo, mashine inaupiga umeme urudi kwenye mwendo wake. Teke, ndivyo walivyoliita pigo hilo nyumbani. Walimwonya jambo moja tu: akae mbali na sumaku kubwa, maana inaifanya mashine isifanye kazi yake. Balaa ni kwamba alikuwa fundi wa spika, na kila spika ina sumaku mgongoni. Jemadari hakungoja ushauri wa mtu. Alizitoa spika zote kwenye chumba cha kazi, akazirundika uani na kuzipasua kwa shoka la bucha, mumewe akiwa amekaa juu ya ndoo anaitazama riziki yake ikigeuka vipande. Alimwambia bora alale njaa akiwa hai. Tangu hapo Fundi akawa anatengeneza pasi na birika za umeme, kazi aliyoidharau mpaka mwisho.

Sasa moyo ulikuwa umechoka kabisa. Hospitali ilimrudisha nyumbani afie kwake, na muuguzi alikuwa akija kumpunguzia maumivu. Muuguzi aliuliza mapema kama wazime ile sehemu ya mashine inayopiga. Shemeji, mdogo wake Fundi, alikataa katakata. Kuzima ni kuua, alisema, na yeye hatamuua kaka yake. Jemadari, ambaye hakuwahi kukosa neno, alinyamaza. Aliogopa. Kama ilikuwepo hata saa moja ya ziada ya mumewe, aliitaka. Hakufikiria kwamba moyo wa mtu anayekufa nao hukimbia ovyo, na mashine haina huruma ya kujua tofauti.

Teke la pili lilimkuta amemkumbatia mumewe, likamchoma mikononi. La tatu lilimfanya Fundi ajikojolee. Shemeji alisimama ukutani akisoma dua kwa sauti, na Jemadari akampigia simu muuguzi huku akimtukana kabla hajapokea. Muuguzi alisema yuko mbali, njiani, na fundi wa mashine yuko mbali zaidi. Lakini watafute sumaku kubwa ya duara, kama ile ya spika, waiweke juu ya mashine na wasiitoe. Haitamuua, alisema. Itazuia mateke tu, na moyo utakwenda kwa uwezo wake mpaka utakapokoma wenyewe.

Sumaku. Katika nyumba ya fundi spika hapakuwa na sumaku hata ya kuokotea sindano. Jemadari alijipiga ngumi pajani, akajipiga tena.

"Bucha," Fundi alisema kwa shida. "Nyuma ya friza bovu."

"Kuna nini?"

"Spika yangu. Ile kubwa."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu ilikuwa imedumu miaka, tena ndani ya bucha la mkewe, hatua chache kutoka alipokuwa akisimama kila siku. Jemadari alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni.

"Miaka yote hii ulinidanganya?"

"Nipige baadaye," Fundi alisema.

Jemadari alitoka mbio. Alilivuta friza mpaka likaanguka ubavu, akaikuta spika imefungwa kwa gunia, safi, haina vumbi. Mtu alikuwa akiifuta. Aliiweka juu ya gogo la kukatia nyama na kuishukia na shoka. Karatasi ikachanika, fremu ikapinda, wateja wawili waliokuwa wakingoja nyama wakaona heri wasiingoje. Sumaku ilipochomoka iliruka na kung'ang'ania shoka, na hivyo ndivyo alivyorudi chumbani, shoka mkononi, sumaku imelishika ubapa.

Shemeji alikuwa ameziba mlango kwa mikono miwili.

"Ukimwekea hiyo, damu yake iko mikononi mwako."

"Mikono yangu ina damu kila siku. Toka."

Hakutoka. Jemadari alilitupa shoka chini na kumvamia kwa bega. Shemeji alimkamata kilemba, wakaparamia kabati, kioo kikawamwagikia. Kiwiko cha Jemadari kilimpata shemeji mdomoni na damu ikatoka. Bado shemeji alimshikilia. Ndipo mashine ikapiga tena, na Fundi akarushwa mpaka ukingoni mwa kitanda. Shemeji alimwachia mwanamke, akamdaka kaka yake asianguke. Alikuwa amempakata kifuani pake teke lililofuata lilipokuja. Alisikia mwili ule mkavu ukiruka mikononi mwake, akaisikia sauti iliyotoka, sauti ya mnyama.

"Weka," alisema. "Weka, shemeji, weka."

Jemadari alilikanyaga shoka na kuing'oa sumaku kwa mikono yote miwili. Akaikandamiza juu ya kile kinundu chini ya ngozi. Mashine ilitoa mlio mwembamba, kisha kimya. Chini ya kiganja chake moyo ulikimbia, ukajikwaa, ukakimbia. Fundi alikaza macho akingoja kupigwa. Hakupigwa. Polepole mabega yake yakashuka.

"Utanipiga sasa?" aliuliza.

"Mwongo mkubwa wewe," Jemadari alisema, machozi yakimdondokea mumewe usoni. "Ulikuwa unaifuta lini?"

Fundi alitabasamu. Jua lilipofika dirishani alikuwa ameshakwenda, bila kelele.

Muuguzi alipoingia alipima, akafumba macho ya marehemu, akamwambia Jemadari taratibu kuwa anaweza kuitoa sumaku. Jemadari alitikisa kichwa. Mkono ulikuwa umekufa ganzi na bado alikandamiza. Alimtazama shemeji aliyekaa sakafuni, mdomo umevimba.

"Njoo ushike hapa," alimwambia. "Usibanduke, isije ikampiga tena."

Shemeji alipiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya sumaku na kuikandamiza kwa nguvu zake zote. Jemadari akalowesha kitambaa, akaanza kumfuta mumewe uji uliokaukia shingoni.