Mahali na Mahari

Nina ugonjwa niliourithi kwa mama: nasahihisha watu. Mtu akiniambia amerara vizuri, kabla sijamshukuru Mungu kwa usingizi wake, namwambia, "Umelala, siyo umerara." Babu yangu alifika Biharamulo kutoka pwani na mizigo yake ya biashara, akaoa, akazeekea hapa, na nyumbani kwetu mtu aliweza kusamehewa deni la kanga lakini siyo L iliyogeuka R. Shuleni niliteseka. Mwalimu alituambia tutoe "karamu" tuandike, nami nikanyoosha kidole kumuuliza karamu ya nani. Nilichapwa, na hadi leo naona swali langu lilikuwa halali.

Siku hizi nakodisha viti, maturubai na spika. Harusi, msiba, mahafali, mkutano wa hadhara, kote nipo, nimekaa nyuma karibu na jenereta, na kwa sababu hakuna anayemwangalia mwenye viti, mimi nawaangalia wote. Ndivyo nilivyopata kuizunguka wilaya na kamati ya madiwani, mwaka ule uchaguzi ulipokuwa unakaribia.

Kazi ya kamati, kwa jinsi nilivyoielewa, ilikuwa hivi. Walikwenda kijiji kwa kijiji kuwauliza wananchi wangependa mahali pa kupigia kura pawe wapi. Hawakuwa waamuzi, walipeleka mapendekezo kwa wanaosimamia uchaguzi, na huko ndiko neno la mwisho lilikotoka. Lakini hata pendekezo lilikuwa na masharti yake: lazima litoke kwenye mkutano ulioitishwa vizuri, watu wakiwa wameambiwa mapema wanaitiwa nini, na waliohudhuria wanyooshe mikono. Mwanasheria wa halmashauri, kijana mpole mwenye miwani, aliyasoma masharti hayo kila mkutano ulipofunguliwa. Mimi nilizoea kuyasikiliza kama mtu anayesikiliza mapishi ya chakula ambacho hajawahi kukionja. Nilitaka sana kujua kitaiva lini.

Tulianza Nyamigogo, tukaenda Bisibo. Watu walikuwa wachache, na hao wachache walisimama mbali, wameegemea kuta, huku viti vyangu vya mbele vikiwa vitupu. Mwanzoni niliudhika, nikadhani wanadharau. Baadaye nikamuuliza mama mmoja mbona hakai, akaniambia viti vya mbele ni vya wakubwa. Kesho yake nikavipanga duara, visiwe na mbele wala nyuma. Mwenyekiti wa kamati, diwani mtu mzima mwenye sauti ya kwaya, akaniuliza nani ameniagiza. Nikamwambia hakuna, nimechoka tu kuona viti vyangu vinakaliwa na upepo. Alicheka, na tangu siku hiyo watu wakaanza kukaa.

Sasa nifike kwenye kile kijiji cha upande wa Runazi.

Kijiji hicho kimekatwa na bonde lenye maji. Upande wa huku kuna shule, ofisi na maduka mawili matatu. Upande wa ng'ambo kuna mashamba ya mihogo na maharage, nyumba nyingi tu, na ghala moja la mazao. Kati yake kuna magogo yaliyolazwa, ndiyo daraja. Siku chache kabla ya mkutano tulikwenda kutangaza, mimi na dereva wangu, Mhangaza wa Ngara, mtu mwenye sauti nzuri kuliko redio. Gari halikuweza kuvuka, tukaliegesha ukingoni. Pale majini palikuwa na mama mmoja anaopoa mihogo aliyoiloweka. Alikuwa mkubwa kwangu, nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekuja kuuza nini?"

Nikamwambia hatuuzi, tunatangaza mkutano wa kura. Aliacha mihogo yake. Akanipandisha na kunishusha kwa macho, kisha akanieleza, bila kuombwa, kwamba uchaguzi uliopita aliamka alfajiri, akavaa vizuri, akaja na kadi yake hadi hapo ukingoni. Mvua ilikuwa imenyesha, magogo yamezama. Vijana walivuka kwa kuogelea. Yeye nyonga yake mbovu, alisimama pale hadi jua la utosi, akarudi nyumbani na kadi.

"Na siyo mara moja," akasema. "Uchaguzi ukija na mvua inakuja, kama wameahidiana. Nikisema watuwekee kula yetu pale ghalani, wananiambia, watu wa kwenu mbona hamfiki kwenye mkutano?"

Hapo nilimezea. Alisema "kula," nami nilikuwa na neno la kumsahihisha limefika mdomoni, lakini uso wake haukuwa wa kuchezewa. Nilimwambia tu awaambie wenzake waje. Akasema amewaambia miaka yote, mkutano hauliwi, watu wana palizi.

Dereva alikuwa ameshaelekeza spika ng'ambo. Akashika maiki. "Wananchi wote mnatangaziwa! Kamati ya madiwani inakuja kusikiriza maoni yenu kuhusu mahari pa kupigia kula!" Upepo wa bondeni uliikamata ile sauti, ukaimeza nusu. Nilimvuta shati, nikamwambia ni mahali, na ni kura. Akasema, "Ndiyo, bosi, mahari," akarudia vilevile mara tano.

Msomaji asiyekaa kwetu ajue jambo moja. Msimu ule kulikuwa na minong'ono kwamba serikali itapanga kiwango cha mahari, kwa sababu wazazi wa mabinti wamezidi. Hakuna aliyejua habari hiyo imetoka wapi, lakini kila mwenye kijana wa kuoza aliipenda, na kila mwenye binti aliichukia.

Siku ya mkutano sikuamini macho yangu. Ng'ambo nzima ilikuwa inashuka bondeni. Wazee wamevaa makoti, akina mama wamejitanda kanga mpya, vijana wa kuoa wamesimama pamoja, wazi kabisa wana shauku. Viti viliisha, nikatandika na turubai la akiba chini. Mwenyekiti alimgeukia mwanasheria, akasema kwa furaha kwamba huu ndio ushirikishwaji wa wananchi tunaousoma kwenye vitabu. Mimi pale nyuma nilikuwa najiuliza tumefanya nini kipya.

Jibu lilikuja upesi. Mwenyekiti alipofungua maoni, mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akasema kwa heshima zote kwamba yeye ana mabinti watano, na serikali ikitaka kupanga mahari yao ilipaswa ianze kwa kumsaidia ada za shule. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema, "Mzee wangu, mahari gani?" Mzee akasema, "Hiyo hiyo mliyotuitia."

Vikazuka vicheko, kisha zogo. Nilimtazama dereva wangu. Alikuwa anasafisha kioo cha gari ambacho hakikuwa kichafu.

Mwanasheria akasimama. Alisema kwa masikitiko ya kweli, maana niliuona uso wake, kwamba watu hawa wameitwa kwa jambo lingine, hivyo mkutano huu hauwezi kutoa pendekezo. Nilikereka. Miaka yote wamenyimwa kwa sababu hawakuja. Leo wamekuja, wananyimwa kwa sababu ya walichokijia. Lakini pia nilijiuliza, na bado najiuliza: ungekuwa ni mkutano wa kuwanyang'anya kitu, nisingetaka kanuni hiyo hiyo iwalinde?

Watu walianza kuinuka kuondoka. Hapo ndipo yule mama wa mihogo alipokuja mbele, akichechemea, akamnyang'anya maiki kijana aliyekuwa akiizungusha. Hakuwa amewahi kuishika, aliishika kama mwiko.

"Kaeni," aliwaambia wenzake, nao wakakaa. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Mheshimiwa. Kila uchaguzi mnakuja kutuposa. Mnakuja na ngoma, mnakuja na kanga na kofia, mnatuita wazuri. Tukishakubari, hatuwaoni. Sisi ng'ambo tumeorewa mara ngapi, mahari hatujaiona hata moja! Leo nimesikia mahari, nikasema, afadhari, wamekumbuka. Kumbe ni mahari pa kupigia kula. Basi, sisi tunakubari. Mahari yetu ndiyo hiyo mahari. Tupeni mahari pale ghalani, tutahesabu mmetoa mahari."

Uwanja ulilipuka. Mzee mwenye mabinti alirusha kofia juu. Na mimi, mtoto wa mama yangu, kwa mara ya kwanza maishani sikujua R ipi nisahihishe na ipi niiache. Nilicheka hadi machozi, kisha nikagundua kwamba baadhi ya machozi hayakuwa ya kucheka.

Mwenyekiti hakucheka sana. Alisema, "Mama, nimekusikia. Lakini nikilipeleka neno lako leo, huko juu watalitupa, na watakuwa na haki. Tutarudi wiki ijayo. Njooni tena."

"Watakuja tena?" mama akauliza. "Leo wameacha mashamba."

"Asiyekuwepo na lake halipo, mama," mwenyekiti akajibu, na nadhani alitamani methali hiyo isingekuwepo.

Mwanasheria alinifuata wakati nakusanya viti. Safari hii, akasema, nitangaze mwenyewe, "kwa sababu wewe unayo L." Katika sifa zote nilizowahi kupewa, hiyo naitunza.

Kwa hiyo nikarudi ukingoni. Mama wa mihogo alikuwa ananisubiri. Jamaa walisema alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba, na nyonga yake hiyo, hadi miguu imevimba. Nikatangaza kwa Kiswahili ambacho babu yangu angekitambua kaburini: mahali, kura, kusikiliza, kila L imesimama wima. Nilipomaliza, mwanamume mmoja ng'ambo aliinuka kutoka kwenye maharage yake, akaweka viganja mdomoni.

"Mama weee! Ni mahari, au ni mahari?"

Nikabaki na maiki mkononi. Nikisema ni mahali, nimesema kweli, naye atarudi kwenye palizi. Yule mama akaichukua maiki taratibu.

"Ni yote mawiri!" akapaza. "Njooni!"

Siku ya mkutano mvua iliwahi. Nilifunga turubai nikiwa nimekata tamaa, nikavipanga viti duara kwa mazoea tu. Kisha nikawaona magogoni, viatu mkononi, suruali zimekunjwa, wazee wanashikwa mikono na vijana wa kuoa. Hawakuwa wengi kama mwanzo. Mzee mwenye mabinti alikuwa wa kwanza kukaa, na alikaa kiti ambacho kingekuwa cha mbele kama mbele ingekuwepo.

Mwanasheria akafungua masharti yake. Akauliza kwa sauti, ili ithibitike, "Ndugu wananchi, mmeitwa hapa kuzungumzia nini?"

"Mahari!" wakajibu wote kwa pamoja.

Mwanasheria akafuta miwani. Akanitazama mimi, nami nikatazama jenereta. Mwenyekiti akainama kwa mwandishi wa kamati, akamwambia polepole, lakini maiki ilikuwa wazi na sote tulisikia: "Andika, mahali." Mikono ikanyooshwa. Wa upande wa huku nao wakanyoosha, hata wale ambao ghala la ng'ambo haliwahusu. Nilikuta na wangu uko juu, na mimi si wa kijiji hicho. Nikaushusha haraka.

Baada ya hapo ni kungoja. Kila nilipomwona mwanasheria mjini nilimuuliza, naye kila mara alisema limepelekwa. Nilijifunza kwamba neno "limepelekwa" halina mwisho. Ndipo siku moja tangazo la vituo likabandikwa, na ghala la ng'ambo likawemo. Nilikwenda dukani nikanunua soda, nikamnunulia na dereva.

Siku ya kura mvua ilinyesha, bila shaka. Nilikuwa nimefunga turubai pale ghalani tangu jana yake, kwa watu wa foleni. Magogo yalikuwa yamezama kabisa. Yule mama alitokea kwenye migomba, amevaa vizuri, mwavuli mkononi, anatembea bila haraka kama mtu anayekwenda kwa jirani kuomba moto. Aliingia, akatoka, ana wino kidoleni.

Alinikuta nimesimama kwenye kijia, mbele ya kipande cha boksi ambacho watu wa ng'ambo walikitundika kwenye mti kuwaelekeza wenzao. Walikiandika kwa mkaa, kwa herufi kubwa: MAHARI PA KUPIGIA KULA. Kalamu yangu ilikuwa tayari mkononi. Sikumbuki niliitoa saa ngapi. Hiyo ndiyo tabia ya ugonjwa.

"Usiguse," akasema.

Akanifunika na mwavuli wake, akakiinua kile kidole chenye wino, akakielekeza kwenye boksi.

"Soma."

Nikasoma kama kilivyoandikwa.