Kodi ya Nyumba ya Dada

Dada mtu ndiye aliyempa jina la Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa haishiwi maneno, nalo likamganda hata alipokuwa mtu mzima, msusi mwenye kiti chake saluni na wateja wanaomfuata popote. Mama yao alifariki Chiriku akiwa hata kutembea bado. Dada, ambaye mwenyewe alikuwa hajamaliza kukua, ndiye aliyemwogesha, akampeleka shule, akamfunga kamba za viatu. Alifua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka. Alichodunduliza akanunua kiwanja, akajenga chumba, akapangisha. Kodi ya chumba hicho ikajenga kingine. Vilipofika vitatu akaacha kufua. Hakuolewa. Alizoea kusema kwamba ile nyumba ndiyo mume wake, tena mume mwenye adabu, analeta hela na haulizi chakula kiko wapi.

Siku Chiriku alipopigiwa simu na kuambiwa jina lake limetoka katika bahati nasibu, na kwamba anaalikwa kwenye baraza la wananchi la kujadili mageuzi ya kodi, alidhani ni matapeli. Akakata. Walipopiga tena, akakimbilia kwa dada. Dada naye, kusikia kodi, akauliza kama serikali sasa itamsaidia kumbana mpangaji wa chumba cha uani. Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Kisha dada akatulia, akasema aende, maana tangu lini wakubwa wakawauliza watu kama wao? Asubuhi ya mkutano wa kwanza alimpigia gauni pasi, akamgeuza huku na huku kama anapelekwa shule.

"Usiende kukaa kama gunia," akamwambia. "Mungu amekupa mdomo."

Mwanzoni alikaa kama gunia kweli. Walikuwa katika ukumbi wa chuo, wamepangwa meza kwa meza, na wataalamu wakawa wanapanda jukwaani kueleza fedha za serikali zinatoka wapi na zinakwenda wapi. Chiriku alitikisa kichwa palipotikiswa. Kilichomwamsha ni maneno ya mtu wa meza yake, mchukuzi wa mizigo sokoni, mpole, bega moja limeshuka kuliko jingine. Alisema akinunua unga analipa kodi, akinunua mafuta ya kupikia analipa kodi, lakini mwenye nyumba wake ana maghorofa na kwa pango analokusanya halipi hata senti. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza njia.

Chiriku alihisi uso unamuwaka. Angeweza kunyamaza, lakini akawaambia kwamba dada yake ni mwenye nyumba, akawaeleza na vile vidole vilivyochubuka kwa kufua. Mchukuzi akamsikiliza mpaka mwisho. Walibishana, wakaelewana, wakabishana tena, hadi wakafikia pendekezo: unga na mafuta viondolewe kodi, pengo lizibwe na kodi ya nyumba za kupangisha, ila mwenye vyumba vichache asiguswe. Sharti hilo la mwisho lilikuwa la Chiriku. Alisimama kulitetea mbele ya ukumbi mzima, na ukumbi ukalikubali. Walipoitwa kupiga kura, alinyoosha mkono wake juu kuliko wote, na mpiga picha akamwahi.

Alirudi kwa dada akitembea kama aliyeota mbawa. Akamsimulia yote, na dada akawatangazia wapangaji kwamba mdogo wake amewatetea wanyonge.

Sheria ilipotoka, unga ulibaki na kodi yake, ikasemwa suala hilo litaangaliwa baadaye. Kodi ya nyumba ilipita, lakini bila lile sharti, yaani hata mwenye chumba kimoja alipe. Mkubwa mmoja akasema kwenye redio kwamba wananchi wenyewe ndio walioomba. Dada alipokwenda ofisini kujiandikisha, akakuta bango mlangoni, limeandikwa Wananchi Wameamua, na juu ya maandishi ni picha ya Chiriku, mkono hewani, anacheka.

Chiriku alimkuta kibarazani anakunja nguo.

"Dada, hatukusema hivyo. Tuliweka sharti."

"Ule mkono ni wako au si wako?"

"Ni wangu."

Dada akamaliza kukunja shuka, akaliweka juu ya mengine. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema taratibu, akaingia ndani.

Chiriku alipiga simu kwa walioendesha baraza, ikaita bila kupokelewa. Alikwenda chuoni, akaambiwa ukumbi ulikodishwa tu. Akamtafuta mchukuzi sokoni. Naye alikuwa amepandishiwa pango, mwenye nyumba amesema ni kodi mpya.

"Walitusikiliza vizuri tu, dada," mchukuzi alisema, akijitwisha gunia. "Wakachukua walichokitaka."

Neno hilo, "dada", lilimchoma Chiriku, na yule mtu wa watu hakujua kwa nini.

Dada alijaribu kupandisha pango, wapangaji wawili wakahama. Deni la kodi likazaa faini. Mwishowe akaiuza nyumba kwa mtu mwenye nyumba nyingi, akaamua kuhamia mji wa mbali kwa binamu yao. Chiriku alimsihi wakae pamoja, chumba chake kinawatosha. Dada alisema hapendi kumsumbua mtu. Siku ya kufungasha alimkaribisha vizuri, akamfutia kiti, akamshukuru kwa kila boksi alilobeba, na muda wote akamwita kwa jina lake la shule. Afadhali angemtukana.

Mwaka uliofuata sheria ilirekebishwa, wenye vyumba vichache wakasamehewa kodi, neno kwa neno kama Chiriku alivyotetea ukumbini. Aliisikia habari hiyo saluni, mikono ikiwa kichwani mwa mteja. Akaomba radhi, akatoka nje, akampigia dada. Akamweleza yote.

"Vizuri," dada akasema. "Itawafaa wengine."

Kisha akauliza kama huko mvua zimeanza. Chiriku akajibu kwamba bado.